Uzoefu wangu: darasa la khati la Jumamosi, Eastleigh

Kwa muda sasa nimekuwa nikihudhuria darasa la khati ya Kiarabu, yaani sanaa ya mwandiko mzuri, linalofanyika kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri, katika chumba cha ghorofani mtaani Eastleigh. Kwa kuwa jamaa na marafiki kadhaa wameniuliza kama ada ya shilingi 6,000 kwa muhula inalipa, naeleza hapa yale ambayo mwanafunzi huyapata na yale ambayo hayapati. Kwa maoni yangu inalipa, lakini kwa mtu aliye tayari kuketi na kalamu nyumbani kila siku. Asiyeweza hilo atakuwa amenunua wino na karatasi kwa bei ghali mno.

Ndani ya ada hiyo mna kalamu mbili za mwanzi zilizokwisha kuchongwa, kidau cha wino na bunda dogo la karatasi ambazo Ustadh huzipaka mwenyewe wanga na ute wa yai, kisha akazisugua mpaka zikateleza. Ndani ya kidau hutiwa nyuzi za hariri, nazo hunyonya wino na kuuachia kwa kiasi, kwa hiyo kalamu haitoki na tone zima linaloangukia katikati ya mstari. Wino wenyewe ni masizi yaliyokorogwa na gundi ya mgunga, gundi ambayo wengi wetu tunaijua kama bidhaa ya Turkana, Samburu na Marsabit bila kufikiri kwamba ina kazi katika uandishi. Wino huo hukaa juu ya karatasi iliyopakwa badala ya kuzama ndani, na kosa dogo hufutika kwa kitambaa chenye unyevu. Nilipojaribu kuutumia kwenye karatasi za kawaida za mashine ya kuchapia, ulisambaa hata herufi zikaota nywele. Kwa vifaa pekee sina lawama.

Thamani ya darasa, hata hivyo, imo katika masahihisho. Tunaanza na Rukaa, mwandiko mfupi usio na madoido mengi, ambao alifu yake, herufi ya kwanza, hupimwa kwa nukta tatu. Katika mwandiko wa Thuluthi alifu hufika nukta saba. Nukta hapa ni kipimo hasa: ukikandamiza ncha ya kalamu iliyokatwa mshazari na kuivuta kidogo, hutokea umbo la pembe nne, na umbo hilo ndilo linalopimia urefu, upana na mwinamo wa kila herufi inayoandikwa kwa kalamu hiyo. Utaratibu huu huhusishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, na mpaka leo ndio unaomwezesha mwalimu kusahihisha bila kubahatisha. Ustadh huandika mstari wa mfano, sisi tunaunakili, kisha huchukua wino mwekundu, akapanga nukta kando ya herufi zetu na kuonyesha palipozidi au palipopungua. Hakuna kusema kwamba herufi haipendezi. Husemwa kwamba tumbo la herufi nuni limezidi nusu nukta. Nilipomwonyesha ukurasa niliouona mzuri, alisema tu, “Binti yangu, mkono umeharakisha hapa,” akaniwekea nukta nne nyekundu.

Masahihisho hayo, pamoja na uzuri wake, hayaufundishi mkono. Yanaonyesha tofauti kati ya herufi yangu na ile ya mfano. Kuipunguza tofauti hiyo ni kazi ya siku sita zinazofuata. Nilipokuwa nikirundika mazoezi yote Ijumaa usiku, kurasa zilikuwa nyingi na herufi zilikuwa zilezile, kwa sababu baada ya saa moja vidole huchoka, kalamu hugeuka mkononi bila mtu kutambua, na pembe ikigeuka mistari minene na myembamba hubadilishana mahali. Nilipohamia nusu saa kila jioni baada ya Isha, herufi moja au mbili tu, maendeleo yakaanza kuonekana, ingawa si kwa mpangilio niliotarajia. Rei na wau zilitulia mapema. Aini ilibaki na ukaidi kwa muda mrefu, kisha ikanyooka karibu kwa mara moja, huku hee ya katikati ikiharibika tena baada ya kuwa nimeshaizoea. Nimejifunza pia kutia tarehe kwenye kila karatasi na kutoitupa, maana mtu anayetazama kazi ya jana na ya leo haoni badiliko lolote, lakini akiweka kando ya ukurasa wa leo ule wa mwanzo wa muhula, huona.

Wapo wanaoniambia kwamba video za intaneti zinatosha na ni za bure. Zinasaidia kuona mwendo wa kalamu, na bado ninazitazama, lakini video haiwezi kukuona umekunja kifundo cha mkono.

Upungufu upo. Wanafunzi ni wengi kuliko meza, na zamu ya kusahihishiwa inaweza kuwa ya dakika chache tu baada ya kungoja sana. Anayeandika kwa mkono wa kushoto hapewi kalamu iliyokatwa kwa ajili yake, jambo ambalo naliona kama uzembe, kwani ni suala la kukata ncha kwa upande mwingine. Tena uchongaji wa kalamu hufundishwa mwisho wa muhula, wakati ambapo kalamu zote mbili zimeshakuwa butu na mtu amelazimika kungoja Jumamosi ili zinolewe. Ningependa somo hilo liwe la wiki ya kwanza.

Nimejiandikisha kwa muhula wa pili, ambao ni wa mwandiko wa Naskhi. Anayetaka kujiunga aje na ubao wake wa kuandikia wa kuweka mapajani, na apande matatu ya namba 6 au 9 mapema, maana mchana wa Jumamosi msongamano wa Eastleigh humaliza nusu ya somo barabarani.