African Development Center, Minneapolis: nilivyopata friji ya biashara bila riba

Nauza sambusa, mahamri na pilau ya shughuli hapa Minneapolis, Marekani, na kilichokuwa kikinibana ni friji. Nyama ya harusi ya watu mia mbili haikai kwenye friji ya nyumbani. Benki kubwa niliyoiendea mwanzo iliangalia krediti yangu, yaani rekodi yangu ya kukopa na kulipa, ikaiona changa, ikanikatalia hata sijaeleza nauza nini. Na hata wangenipa, mimi ni Mwislamu, sitaki kula riba wala kuilipa.

Dada mmoja wa msikitini akanielekeza African Development Center, pale mtaa wa Cedar-Riverside walikojaa Wasomali. Mlijue hili mapema: si benki. Hufungui akaunti, hupewi kadi. Ni shirika la kuwakopesha na kuwafundisha wafanyabiashara wadogo, hasa sisi wahamiaji wa Kiafrika. Lilianzishwa mwaka 2003 na Hussein Samatar, Msomali aliyewahi kufanya kazi benki hukuhuku Minneapolis. Alifariki 2013, Mungu amrehemu, kazi yake bado inatufaa.

Wana njia ya murabaha, yaani kuuziana kifaa badala ya kukopeshana kwa riba. Hupewi fedha mkononi. Unachagua kifaa, wao wanakinunua, halafu wanakuuzia kwa bei ya juu kidogo mliyokubaliana, unalipa kidogo kidogo. Tuseme dukani friji ni dola 4,000 na wewe unauziwa 4,400 (mfano wangu tu, si bei yao). Deni lako ni hiyo 4,400, haipandi. Afisa aliyenihudumia aliziandika bei zote mbili kwenye karatasi moja, akaigeuza upande wangu, akanyamaza mpaka nikamaliza kuisoma. Sijawahi kuheshimiwa hivyo mbele ya meza ya mkopo.

Lakini si mteremko. Kabla ya kufika huko alinichambulia gharama za sambusa moja mpaka zikaisha: unga, nyama, vitunguu, mafuta, gesi, kontena, petroli ya kupeleka, na muda wa kukunja. Kwenye muda ndipo alipokaza zaidi, maana kina mama wengi tunaopika hatujilipi, tukiona fedha imebaki tunaiita faida. Somo hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aende, hata kama hana haja ya mkopo. Bei zangu za shughuli nilizipanga upya baada ya pale, na wateja wamebaki.

Mkienda, bebeni marejesho ya kodi, taarifa za akaunti yenu ya benki, leseni, na bei ya kifaa kwa maandishi kutoka dukani. Kila karatasi inasomwa na kuulizwa. Mwenye biashara inayotembea na vitabu vilivyonyooka, namshauri aende bila wasiwasi. Anayetafuta fedha za chapuchapu za kulipia pango la mwezi huu atafute kwingine.