Gari la Kasi Lenye Paa la Kufunguka: Lipi Litangulie

Wanunuzi wengi wa magari ya kasi yenye paa la kufunguka huanza kwa kulinganisha nguvu za farasi na mlio wa injini, ilhali kinachopaswa kuamua ununuzi ni kile kisichoonekana kwa macho, yaani kitu kinachoishikilia bodi isijipinde baada ya paa kuondolewa. Katika magari mengi paa ni sehemu ya mifupa yenyewe. Boksi la katoni likikatwa kifuniko kuta zake huanza kuyumba, na bodi hufanya vivyo hivyo kwenye barabara mbovu. Kiwanda kinachoondoa paa la gari lililobuniwa kuwa nalo hulazimika kuongeza vyuma vya kuimarisha sakafu na kingo za milango, na uzito huo hulipiwa baadaye kwenye breki, matairi na mafuta. Nimeyapanga magari haya hasa kwa kigezo hicho.

Nafasi ya kwanza naipa McLaren 720S Spider, iliyozinduliwa Desemba 2018. Abiria wake huketi ndani ya kasha moja la nyuzi za kaboni, na kwa kuwa ugumu wa kasha hilo hautegemei paa, toleo hili limezidi lile la paa lisilofunguka kwa kilo 49 tu, ambazo kwa sehemu kubwa ni uzito wa paa na mitambo yake. Uzito mkavu, yaani bila mafuta wala vimiminika vingine, ni kilo 1,332, na injini ya silinda 8 ya lita 4.0 yenye turbo mbili (vifaa vya kuisukumia injini hewa zaidi) hutoa nguvu za farasi 720. Paa ni kipande kimoja kigumu kinachofunguka kwa sekunde 11, hata gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Gari hufikia kilomita 341 kwa saa paa likiwa limefungwa na 325 likiwa wazi, tofauti ambayo haitamsumbua mtu yeyote nje ya uwanja wa mashindano.

Ubunifu wa umbo lake nao unastahili kutazamwa kwa utulivu. Milango ina kuta mbili, na hewa ya kupoza injini hupita katikati yake kwenda kwenye rejeta, kwa hiyo ubavuni hakuna yale matundu makubwa tuliyoyazoea. Nguzo zinazoteremka nyuma ya viti zimewekewa vioo, nazo humsaidia dereva kuona nyuma, jambo ambalo magari mengi ya aina hii hulipuuza. Kasoro yake kubwa ni kwamba kaboni iliyopasuka haichomelewi na fundi wa mtaani, hivyo gari lililowahi kupata ajali liepukwe hata bei ikivutia namna gani. Anayeagiza kwenda Kenya akumbuke pia kwamba sheria hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na magari ya 2019 ndiyo ya kwanza kugota hapo. Mwenye fedha zaidi atazame 750S Spider ya 2023, iliyoendeleza msingi huohuo.

Nafasi ya pili itawakera wapenzi wa Italia, kwa sababu naipa Corvette C8 (kizazi cha nane) ya Marekani yenye paa la kukunjwa. Hata toleo lake la kawaida lina kipande cha paa kinachotolewa kwa mkono, maana yake wahandisi walijenga ugumu katika uti wa katikati ya sakafu tangu mwanzo, bila kuutegemea paa. Paa gumu hukunjwa na mota za umeme kwa sekunde 16. Injini ya lita 6.2 haina turbo, na bei yake iko chini sana ya wenzake wote hapa. Hiki pia ndicho kizazi cha kwanza cha Corvette kutengenezwa kiwandani na usukani wa kulia. Wanaoishi penye matuta watapenda kifaa cha hiari kinachoinua pua ya gari kwa milimita 40 hivi na kukumbuka hadi maeneo 1,000 ambako iliinuliwa.

Ferrari 296 GTS ya 2022 inashika nafasi ya tatu. Injini yake ya silinda 6 na mota ya umeme hutoa kwa pamoja nguvu za farasi 830, na inaweza kwenda kilomita 25 kwa umeme peke yake. Hata hivyo chasisi ni ya alumini, na kufunguka kwa paa kumeongeza kilo 70. Ni gari la ajabu kuliendesha, lakini lina mifumo mingi ya kuharibika mbali na fundi aliyefunzwa.

Porsche 911 Turbo S Cabriolet ya 2020, yenye nguvu za farasi 650, ni ya nne. Wapo watakaosema haistahili kuwekwa kundi hili, lakini ndiyo pekee hapa yenye viti vya nyuma, na paa lake la kitambaa chenye vipande vya magnesi (metali nyepesi) ndani hufunguka kwa sekunde 12. Kasoro yake ni uzito.

Lamborghini Huracán Evo Spyder inabaki mwisho. Silinda zake 10 zisizo na turbo huimba kuliko injini yoyote niliyoitaja, na kioo cha nyuma hushuka ili mlio huo usikike hata mvua ikinyesha, lakini paa la kitambaa na uimarishaji wa bodi vimeongeza kilo 120, mzigo mkubwa mno kwa gari la daraja hili.

Kwa gari lolote lililotumika, paa lifunguliwe na kufungwa mara kadhaa mbele ya mnunuzi, injini ikiwa baridi na tena ikiwa imepata moto, kisha limwagiwe maji kwa mpira huku mtu ameketi ndani. Baada ya hapo kapeti iinuliwe, kwa kuwa unyevu wa zamani hujificha chini yake, mara nyingi karibu kabisa na nyaya za umeme.