Gemu za konsoli kubwa kwenye Nintendo Switch: uzoefu wangu

Nimecheza kwenye Switch gemu nyingi ambazo kwa asili zilitengenezwa kwa ajili ya PlayStation 4 na Xbox One. Kila mtu akitaka kujua zinavyokwenda, swali la kwanza huwa picha: ni kali kiasi gani, piseli ngapi, majani yamepunguzwa au yapo. Mimi naanzia kwingine. Naangalia kama fremu, zile picha moja moja zinazounda mwendo, zinakuja kwa mpangilio. Gemu yenye picha hafifu inayotembea sawasawa nitaimaliza, tena kwa furaha. Yenye picha safi lakini inasitasita kila nikigeuza kamera, hiyo naiachia njiani.

Kwanza tuelewane kuhusu mashine yenyewe, maana bila hapo lawama na sifa zote zinakosa msingi. Switch ilitoka Machi 3, 2017 ikiwa na chipu ya Nvidia Tegra X1, RAM ya GB 4 na kioo cha inchi 6.2 chenye piseli 1280 kwa 720. PS4, iliyotangulia kwa zaidi ya miaka mitatu, ina RAM ya GB 8, na RAM hiyo inasafirisha data kwa kasi ya GB 176 kwa sekunde. Switch ikiwa kwenye doki, kile kituo kinachoiunganisha na televisheni, haifiki hata GB 26. Kwa hiyo mtu anayehamisha gemu ya PS4 kuja hapa hapunguzi vivuli tu. Anafumua na kushona upya: picha za kuta na nguo zinabanwa, ukungu unapunguzwa, watu wa mbali wanaondolewa, taa zinapigwa hesabu kwa njia nyingine.

Halafu kuna jambo ambalo ningependa kila anayenunua alijue. Ukiitoa Switch kwenye doki, chipu ya picha inashuka kutoka MHz 768 hadi 460, 384 au 307, kutegemea gemu. Prosesa kuu haishuki; inabaki MHz 1020 kwenye doki na mkononi pia. Maana yake ni kwamba doki inakuongezea piseli, haikuongezei akili ya gemu. Soko lililojaa watu wenye shughuli zao, vita vya maadui wengi, fizikia ya vitu vinavyoanguka: hayo yote ni mzigo wa prosesa, na yakilemea mkononi yatalemea kwenye televisheni vilevile. Nikiona mandhari tupu inasumbua, najua shida ni picha, na doki inaweza kusaidia. Nikiona mjini ndiko kunakosumbua, sihangaiki hata kutafuta waya.

Doom ya 2016 ndiyo iliyonishawishi kwamba kazi hii inawezekana. Kwenye PS4 inakimbia fremu 60 kwa sekunde. Studio ya Panic Button iliileta Switch Novemba 2017 ikiwa na fremu 30, na sehemu ya SnapMap, ile ya kujitengenezea ramani, ikaachwa nje. Kwa gemu ya risasi yenye kasi ile, kukata fremu nusu ni uamuzi mzito, na nilipoiwasha mara ya kwanza nilikuwa na wasiwasi. Lakini angalia wanachofanya. Unaingia uwanja umejaa mashetani waitwao Imp, mwingine aitwaye Revenant anakurushia makombora kutoka juu, unaruka, unageuka hewani, unabadilisha bunduki. Palepale risolusheni, yaani idadi ya piseli za picha, inashuka yenyewe ili fremu zisianguke. Kingo za ngazi zinafifia, sura za wa mbali zinapoteza mistari yake, na mwendo unapakwa ukungu kidogo kuunganisha fremu moja na nyingine. Vita vikitulia, picha inarudi kukaza. Ukiwa katikati ya mapambano huna nafasi ya kuhesabu piseli. Unachohisi ni kidole kimebonyeza na bunduki imejibu.

Sasisho la baadaye likaongeza kulenga kwa kuinamisha kifaa chenyewe, na hapo kwangu gemu ilibadilika kabisa. Kijiti kinafanya kazi ya kugeuka, mikono inamalizia milimita ya mwisho juu ya kichwa cha adui. Kwenye konsoli ya sebuleni sikuwahi kuipata raha hiyo. Siku hizi gemu yoyote ya risasi inayokuja Switch, nikiingia kwenye mipangilio naanza kutafuta kama hilo lipo, hata kabla ya mwangaza wa kioo.

The Witcher 3 ni kisa kingine. Ilifika Oktoba 15, 2019 kwa mikono ya studio ya Saber Interactive pamoja na CD Projekt Red, watengenezaji wake wenyewe, ikiwa na nyongeza zote mbili kubwa, Hearts of Stone na Blood and Wine, ndani ya kadi moja ya GB 32. Mkononi inafika 540p, yaani piseli 960 kwa 540, robo ya piseli za 1080p. Kwenye doki inafika 720p. Na vyote viwili ni dari. Eneo likiwa zito inateremka chini ya hapo. Ukiisoma hesabu hiyo kwenye karatasi utasema haichezeki. Ishike mkononi. Jua linazama, Geralt, shujaa wa gemu, yuko juu ya farasi wake Roach, nyasi zinalala kwa upepo, na kwenye kioo cha inchi 6.2 jicho linajaza lenyewe kilichokosekana. Ukiisogeza karibu na uso unaona nywele zake zimegeuka nyuzi zinazometameta, na miti ya mbali inaota majani kadiri unavyoikaribia. Mazungumzo yenyewe, nyuso, sauti, maamuzi unayofanya, hayakuguswa. Hadithi yote imo, na mimi niliifuata kwa ajili ya hadithi.

Kwenye televisheni kubwa nisingemshauri mtu aianzie hapo, kwa sababu 720p iliyotandazwa juu ya kioo kipana inaanika kila kilichofichwa na udogo. Lakini sasisho la mapema 2020 lilileta mambo mawili ninayoyathamini sana. La kwanza, mipangilio ya picha ya kurekebisha mwenyewe, kitu adimu kwenye konsoli. La pili, uwezo wa kuchukua hifadhi ya pale ulipofikia kutoka toleo la kompyuta na kuendelea nayo kwenye Switch. Naikaza picha kidogo kwa mkononi, napunguza ukungu wa kina, ule unaofifisha vitu vya mbali, na hapo naridhika. Hiyo ni heshima kwa mchezaji: wanakuambia mashine ina mipaka, basi chagua mwenyewe unachotaka kubaki nacho.

Sasa nirudi kwenye huo mpangilio wa fremu, maana ndio roho ya jambo zima na watu wanaupita haraka. Kioo cha Switch kinajichora mara 60 kwa sekunde. Gemu ya fremu 30 inatakiwa ionyeshe kila fremu mara mbili, milisekunde 33 kwa kila moja, bila kukosea. Kuna gemu moja ya mbio, sitaitaja, ambayo kipimo kinasema ni 30 na kweli wastani ni 30. Ila fremu hii inakaa milisekunde 17, inayofuata 50, kisha 33, kisha 17 tena. Ni kama mpiga ngoma anayewahi pigo moja na kuchelewa lingine: idadi ya mapigo imetimia, lakini hakuna atakayecheza. Kwenye kona kali nilikuwa nakata usukani kwa jicho na gari linafuata kwa wakati wake. Mikono inachoka, macho yanauma, na huwezi kumwonyesha mwenzako tatizo liko wapi kwa sababu picha ya kusimama ni nzuri kabisa. Ndiyo maana picha za matangazo hazinisaidii. Natafuta video ya mtu anayecheza mkononi, si kwenye doki, na naangalia anapogeuza kamera taratibu kuzunguka eneo lenye nguzo au uzio. Mistari ya wima inayosita inakuambia kila kitu ndani ya sekunde chache.

Dark Souls: Remastered inafaa kutajwa hapa. Kwenye PS4 ni fremu 60, kwenye Switch ni 30, na bado ni moja ya gemu ninazozirudia sana mkononi. Blighttown, eneo lililojulikana kwa kuzitesa mashine za kizazi cha PS3 na Xbox 360, hapa unapita ukiwaza sumu na ngazi, huiwazi mashine. Risolusheni ni 720p kamili mkononi, sawa na kioo chenyewe, kwa hiyo kila piseli ina mahali pake. NieR: Automata, iliyoletwa na studio ya Virtuos mwaka 2022, imefuata njia hiyohiyo: 1080p kwenye doki, 720p mkononi, fremu 30 zilizoshikiliwa kwa nguvu. 2B, mhusika unayemwendesha, anakwepa, anapiga, anakwepa tena, na unajua hasa lini dirisha la kukwepa linafunguka kwa sababu mdundo haubadiliki. Nikiambiwa nichague kati ya hiyo na gemu inayopanda 50 na kuporomoka 35 kila dakika, sifikirii mara mbili.

Kuna mambo madogo yanayoharibu gemu iliyohamishwa vizuri. Maandishi ndiyo yanayonikera kuliko yote. Gemu iliyobuniwa kwa mtu aliyekaa mbali na televisheni ya inchi 55 ikibanwa kwenye kiganja, maelezo ya silaha yanakuwa mchwa. Nina gemu moja ya mikakati ambayo mwendo wake hauna kasoro, lakini mkononi siwezi kutofautisha 6 na 8, na ndani ya gemu hiyo namba ndiyo kila kitu. Kipengele cha kukuza herufi kingetosha. Sauti nayo huminywa ili faili litoshe. Kwa spika za kifaa hutasikia, weka visikilizi masikioni na radi inasikika kama karatasi inayochanwa.

Nafasi pia. Switch ya kwanza ina GB 32 tu za ndani, na mfumo wenyewe unakula sehemu yake. Gemu kubwa mbili za kupakua na umemaliza, kwa hiyo memori kadi ni lazima, tena yenye kasi, la sivyo utaongeza dakika za kusubiri milango ifunguke. Kabla ya kulipa soma kasha kwa makini: baadhi ya kadi zina sehemu tu ya gemu na kinachobaki unakipakua.

Betri inajieleza. Modeli ya 2017 iliahidiwa saa 2.5 hadi 6.5, ile iliyorekebishwa 2019 saa 4.5 hadi 9. Gemu za aina hii zinakaa upande wa chini wa namba hizo, ndio uhalisia wake.

Matoleo ya wingu siyahesabu. Control ililetwa kwa njia hiyo mwaka 2020: gemu inaendeshwa kwenye seva mbali, wewe unapokea video tu. Ni ufumbuzi unaofaa kwa mwenye intaneti imara muda wote, lakini sababu yangu ya kununua kifaa cha mkononi ni kucheza popote, hata pasipo na mtandao. Gemu isiyowaka bila mtandao haijahamishiwa kwenye kifaa changu.

Tangu Switch 2 ilipotoka Juni 5, 2025 mazungumzo yamebadilika. Kioo ni inchi 7.9 cha 1080p kinachoweza kwenda hadi Hz 120, yaani kujichora mara 120 kwa sekunde, RAM ni GB 12, na kuna DLSS, teknolojia ya Nvidia inayojenga picha kubwa kutoka piseli chache. Cyberpunk 2077 iliwasili siku ileile ya uzinduzi, na mkononi inakupa chaguo: ubora wa picha kwa fremu 30, au wepesi kwa fremu 40. Mimi naiacha kwenye 40 moja kwa moja. Namba 40 inaonekana karibu na 30, ila pima kwa muda wa fremu: 30 ni milisekunde 33.3, 60 ni 16.7, na 40 ni 25, katikati kabisa. Kwa kuwa kioo chenyewe kinabadilisha kasi yake kuifuata gemu, fremu zikipungua mbili tatu pale penye watu wengi husikii mtikisiko. Nikiendesha gari usiku mvua ikinyesha, mataa ya matangazo yakiteleza juu ya lami, naigeuza kamera polepole kama ilivyo desturi yangu, na nguzo zinapita bila kusita.

Zile za zamani nazo zinafaidika, kwa kipimo. Gemu ya Switch iliyokuwa ikiporomoka chini ya dari yake ya fremu, kwenye Switch 2 inaigusa dari na kukaa hapo. Lakini iliyofungwa 30 inabaki 30, na iliyoandikiwa mwisho wa 540p inabaki hapo, mpaka waliotengeneza watoe sasisho. Kwa hiyo kabla hujanunua tena gemu uliyonayo kwa matumaini ya mashine mpya, angalia kama sasisho hilo lipo. Kama halipo na gemu ilikuwa na fremu zisizo na mpangilio toka mwanzo, tofauti haitakuwa kubwa, na fedha hiyo ningeiweka kwenye memori kadi ya microSD Express, maana Switch 2 inahitaji aina hiyo kuhifadhi gemu na zile za zamani hazitafanya kazi hiyo.