Kalamu za doti za mia mbili, na maua yangu yamekaa

Wacha nianze na kwa nini nilinunua hizi kalamu za kuchora kucha. Kuna mahali nilienda kutolewa jeli, ile rangi ya kucha inakaushwa kwa taa, yule msichana akashika kile kimashine akasaga na kusaga mpaka kucha zikabaki zinapinda ukizigusa, hata maji ya moto yalikuwa yananichoma hadi ndani. Niliumia kwa kweli. Na kucha ya mkono inakua kama milimita 3 tu kwa mwezi, sasa hesabu mwenyewe nimengoja miezi mingapi hadi ile sehemu mbaya iishe. Jeli nikasema basi. Lakini ruracio ya binamu yangu, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu, ikafika, na sisi wasichana ndio tunapakulia wageni chakula, mikono yote inaonekana.

Nikashuka tao Nairobi, Dubois Road, kwa zile maduka za urembo, nikapata pakiti ya kalamu tano za kupiga doti, kila moja iko na kichwa pande zote mbili kwa hivyo una saizi kumi. Mia mbili. Mama wa duka akaniambia, "Mrembo, beba na nyeupe, nyeupe ndiyo huonyesha," na hakunidanganya. Nikaongeza njano, marooni na ile haina rangi, ya kupaka chini na juu.

Usiruke ile ya chini, hasa kama rangi yako imekolea, kwa sababu bila hiyo ukikuja kutoa unapata kucha zimebaki na manjano. Alafu marooni mara mbili, nyembamba. Nyembamba jameni! Hii ya kawaida haina mambo ya taa, inakauka vile ile dawa yake inapaa hewani, sasa ukiimwaga nzito juu inashika lakini chini bado ni uji, ukilala na blanketi asubuhi unapata alama.

Maua ndiyo rahisi kuliko vile nilidhani. Weka tone la nyeupe kwa foili, chovya kichwa, simamisha kalamu wima, gusa uinue, usiburute. Doti tano kwa mviringo, moja ya njano katikati, ua liko hapo. Ukitaka zilingane chovya kila mara, juu ukipiga tatu kwa kuchovya mara moja zinaendelea kupungua, na mimi hizo za kupungua nikazifanya kijishina na nikazipenda sana. Tone likianza kuvuta nyuzi achana nalo, weka lingine. Mkono wa kulia ulinisumbua mpaka nikajua siri, unaweka kiwiko kwa meza na unazungusha kidole, kalamu inabaki palepale.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilingoja dakika tano nikapaka ile ya juu, brashi ikavuta nyeupe yote mpaka mwisho wa kucha, ua likawa mistari. Karibu nilie juu ilikuwa saa tano usiku. Nikatoa hizo kucha mbili zilikuwa zimeharibika, nikarudia, nikangoja nusu saa, na brashi nikaijaza vizuri ndio ielee juu bila kukwaruza.

Jumamosi tukapakua, tukaosha vyombo za watu wote hao, na ni Alhamisi ndio kidole gumba kilianza kumomonyoka. Shosho, nyanya yangu, alishika mkono wangu akauliza nimelipa nani.

Ubaya wa hizi kalamu, rimuva, ile dawa ya kutoa rangi, inakula rangi ya mpini, na kichwa kikubwa kabisa hakina kazi kwa kidole kidogo. Kama huna mia mbili saa hii, kichwa cha pini ya nywele kinapiga doti poa, ama Bic iliyoisha wino. Ukinunua, zungusha kila kichwa ukiwa bado dukani, moja yangu ilikuwa inacheza na mama akanibadilishia hapohapo.