Seti ya dripu ya tanki: shamba halivuji tena, ila boksini kuna kitu kimekosekana

Nilichoka kuona maji yangu yanaishia mtoni. Ukimwagilia kwa mifereji karibu nusu ya maji hayaifikii mizizi, mengine yanazama chini kabisa na mengine yanatokea mwisho wa shamba yakiwa yamebeba udongo na mbolea uliyolipia. Ndo maana nikanunua hii seti ya dripu, yaani mipira (laini) yenye vitundu inayodondosha maji ya tanki shinani.

Jamani inafanya kazi. Kila sentimita 30 kuna tundu linadondosha, udongo unalowa kiduara tu pale shinani, katikati ya matuta pakavu hadi magugu yanapata shida kuota, na kule chini shambani hapatoki hata tone.

Sasa ile namba ya boksini, lita 2 kwa saa kila tundu, hiyo ni kwa presha ya maji ya kimo cha kama mita 10. Ukiweka tanki kwenye stendi ya mita 1 kama wanavyoonyesha kwenye picha, hupati hata lita 1. Si mbaya, unaacha tu koki wazi muda mrefu zaidi, ila wangesema! Cha kufanya, weka kikombe chini ya tundu la kwanza na kingine chini ya la mwisho kwa muda uleule, vikipishana sana ujue laini ni ndefu mno au kuna sehemu imeziba. Na kuziba ndo ugonjwa wa dripu, kwahiyo filta ioshwe mara kwa mara, na ncha za laini uzifungue maji yatoke hadi yawe meupe, ya kwanza yatatoka ya kahawia kama chai.

Mbolea unaiyeyusha humohumo, kidogo kidogo. Hapa naomba tuwe makini, nitrati (ile naitrojeni ya mbolea) inafuata maji, ukizidisha kumwagilia hata kwa dripu inazama chini ya mizizi na kuishia kwenye maji ya ardhini. Ikifika ziwani pamoja na fosforasi (kirutubisho kingine cha mbolea), mwani, ule utando wa kijani juu ya maji, unafumuka, ukioza unamaliza oksijeni samaki wanakufa. Mwaka 2014 kule Toledo, Marekani, watu zaidi ya 400,000 waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya mwani wa Ziwa Erie, na fosforasi nyingi ya pale inatoka mashambani.

Ndo maana nimewapa nyota 4 na sio 5: hakuna vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Mtu anayevuta kwa pampu moja kwa moja toka mtoni, pampu ikizima ghafla maji ya mbolea yanaweza kurudi mtoni yote. Nunua hiyo vali kabla hujaunga kitu chochote. Halafu mvua kubwa dripu haiizuii, fosforasi inaondoka na udongo, kwahiyo ukanda wa majani kando ya mto uachwe, usilime mpaka ukingoni.