Tuba ya begi la mgongoni: nimekwenda nayo Moshi kwa basi, nimerudi nayo kwa ndege

Mambo vipi wadau. Kabla sijasema lolote, angalieni hili begi. Begi la mgongoni tu, kama la mtoto wa bodingi. Sasa nafungua zipu... Mmeona? Hii ni tuba, ile besi ya kupuliza. Si pambo la sebuleni. Ni tuba kamili ya F, yaani noti yake ya msingi ni F, ina valvu nne za kubonyeza kwa vidole, na inalia.

Wanaonifahamu wanajua mimi napiga besi kwenye matarumbeta. Harusi, sendofu, mapokezi ya askofu, wewe niite tu. Na kupiga besi maana yake kila safari una mzigo ambao hakuna mtu anautaka karibu yake. Wa tarumbeta anapakata chombo chake anasinzia. Wewe unabishana na kondakta.

Desemba moja tulikwenda Moshi. Mnaijua Desemba ya barabara ile, basi zimejaa mpaka kwenye ngazi. Susafoni yangu, ile besi kubwa ya kuvaa mwilini, ikaingia kwenye buti. Kushuka, naikuta chini ya magunia mawili ya mchele, mdomo, ule mpana unakotokea sauti, umekunjwa kama chapati. Huku mjini sikumpata fundi wa vyombo vya muziki, nikampelekea wa kunyoosha bodi za magari. Akaigonga na nyundo ya mpira, akanilipisha elfu thelathini, nikasema asante. Inapiga mpaka leo, ila ukiitazama kwenye jua ina mawimbi kama bati la kibanda.

Ndiyo maana niliposikia jamaa mmoja kaja na tuba ya safari, nilimwomba aniazime wiki mbili. Wanaotengeneza za aina hii wapo kadhaa. Wessex wa Uingereza wana ya kwao, wanaiita Bubbie. Hii niliyoshika si hiyo, na jina lake nimelifunika kwa utepe, kwa sababu nitaisema vibaya kidogo na isitoshe si mali yangu.

Swali ambalo kila mtu ananiuliza: wameikata? Hapana. Bomba la tuba ya F, ukilinyoosha lote, ni kama mita 3.7. Hii nayo ina mita zile zile, maana ukilifupisha tu bomba, sauti inapanda juu na haiwi F tena. Walichofanya ni kulisokota kwa kubana zaidi, wakalifanya jembamba, na mdomo wakaupunguza. Tuba yetu ya kawaida ya B bemoli ina bomba la mita 5 na nusu hivi, kwa hiyo kuichagua F tayari wameokoa karibu mita 2. Na msidhani F ni ujanja wa juzi. Tuba ya kwanza kabisa, ile Wieprecht, mkuu wa bendi za jeshi, na Moritz, fundi wa vyombo, waliyoisajili Berlin mwaka 1835, ilikuwa ya F.

Tupime, mita yangu hii hapa. Urefu, sentimita 54. Upana, 35. Sasa hapa kwenye mdomo... 30. Hapo ndipo penye kesi. Mwongozo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, wa mzigo wa kuingia nao ndani ya ndege ni 56 kwa 45 kwa 25, na mashirika mengi yanabana kuliko hapo. Urefu umepita, upana umepita, mdomo umegoma kwa sentimita 5. Na mdomo haufunguki. Kwa hiyo ukisikia muuzaji anakwambia "hii ni ya ndani ya ndege", mwulize ndege ipi.

Pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, yalinikuta hayo hayo. Dada wa kaunta akanielekeza kwenye kile kichuma cha kupimia, nikaisukuma, ikakaa kama kichwa cha mtoto kwenye shingo ya fulana. Nikamfungulia begi aone ni kitu gani. Akacheka, akaniuliza kama naweza kuipiga. Nikampigia noti tatu pale pale, akanipitisha. Ndege ilikuwa nusu tupu. Ingekuwa imejaa, sidhani kama noti tatu zingetosha.

Kwenye basi, lakini, raha tupu. Dar mpaka Moshi nimeiweka miguuni, jirani yangu akadhani nimebeba jiko la gesi.

Haya, tuje kwenye kupiga. Ndugu yangu uliyekulia kwenye besi ya B bemoli, jiandae kuvurugwa vidole. Ile B bemoli ya chini, ambayo kwenye chombo chako unaipuliza bila kubonyeza kitu, hapa ni valvu ya 1 na ya 4 kwa pamoja. Na ukizibonyeza hizo mbili noti inatoka juu kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo mkono wa kushoto nao una kazi, unavuta bomba hili dogo hapa, unaliona? Sentimita kadhaa. Ukisahau, kwaya nzima inakugeukia. Sisi tuliofundishwa kwa do-re-mi kichwa hakisumbuki sana, do ni do popote ulipo. Vidole ndivyo vinavyokwenda nyumbani kwao vikikuta kufuli limebadilishwa. Mimi ilinichukua siku nne.

Moshi nilikwenda kwenye msiba wa baba mdogo. Tulipiga chini ya migomba, watu sita tu, nyimbo za taratibu. Pale, wadau, hii kitu ilinishangaza. Sauti laini, imejikusanya, haigombani na mtu. Mzee mmoja aliyepigia kanisani miaka mingi aliinama akachungulia begi, kisha akanitazama mimi, kisha akachungulia tena.

Jumamosi iliyofuata nikaipandisha kwenye pikapu hapa Dar. Tarumbeta tatu, tromboni mbili, ngoma kubwa, ngoma ndogo, matoazi, na honi za magari nyuma yetu. Sikilizeni kipande hiki nilichorekodi... Mnasikia besi? Hata mimi siisikii, na niliipuliza mpaka macho yakatoka. Kufika taa za kwanza, mpiga ngoma ananigeukia: "Kaka, besi umeiacha kwenu?"

Na hapo ndipo nilipokumbuka kwa nini susafoni ndiyo chombo cha msafara. Sousa, kiongozi wa bendi wa Marekani, aliitaka kwa ajili ya tamasha, J. W. Pepper wa Philadelphia akaiunda, miaka ile ya 1890, mdomo ukitazama juu; baadaye ukaja wa kutazama mbele, na kwa kuwa inavaliwa mwilini, misafara ikaichukua. Na za leo mdomo wake unafunguka kwa skrubu hizi za mkono, shingo nayo inachomoka. Kosa la Desemba ile lilikuwa langu mwenyewe, niliiingiza kwenye buti nzima nzima. Siku hizi mdomo unasafiri peke yake, umevikwa blanketi, na kwenye basi naupa tiketi yake ya kiti. Ndiyo, nalipa. Elfu thelathini za fundi zilinifundisha hesabu.

Kwa hiyo kama unapiga ndani, kanisani, kwenye vikundi vidogo, au unaishi chumba kimoja na unataka chombo cha mazoezi kisicholala kitandani badala yako, tafuta hii. Wa pikapu, usiuze susafoni yako.

Mliopo Marekani, moja la haraka. Kule kuna kanuni inayofanya kazi tangu 2015: chombo cha muziki kwenye mizigo ya chini, shirika linatakiwa lipokee mpaka jumla ya sentimita 381, urefu na upana na kimo, na kilo kama 75, mradi ndege yenyewe ina nafasi. Chapisha, tembea nayo. Wa kaunta wengine nao hawaijui.

Mwenyewe anakuja kuichukua saa kumi. Ngoja niwapigie ubeti mmoja, ndani hapa, mlango umefungwa, nyinyi mseme kwenye maoni kama mnasikia ni tuba au ni kitu kingine.