Mchanga wa kioo kwenye kichujio cha maji machafu: mwaka mmoja Jambiani

Nyumba yetu ya wageni ina vyumba vinane. Maji ya bafuni na jikoni yanapita makaro mawili, kisha kichujio cha mchanga, halafu yanamwagilia migomba. Huku chini ni jiwe la matumbawe, limejaa matundu. Unachomwaga leo kinaelekea kisimani kwa jirani au baharini. Kwa hiyo kichujio kikiziba siwezi kuyaachia tu.

Na kilikuwa kinaziba kweli. Geji ya presha, inayopanda kichujio kikiziba, ikisoma 0.4 siku tuliyoosha, siku ya nne inasoma 1. Tulipokifungua, mchanga wa juu ulikuwa na utando unaovutika kama mlenda, chini yake madonge ukubwa wa kaimati, na harufu ya mayai viza. Nikatia klorini. Wiki mbili raha, kisha ute ukarudi, na karo nalo likaanza kunuka. Kumbe maji ya kuoshea kichujio yanarudi humo humo karoni, nami nimeua vijidudu vinavyoozesha uchafu. Kosa langu hilo.

Ndipo nikanunua mchanga wa kioo kilichosagwa, mifuko ya kilo 25, na bei iliniuma. Muuzaji aliapa kwamba vijidudu havishiki kwenye kioo. Vinashika, jamani! Ila uso wa punje zake ni laini, haukwaruzi, ute unatoka upesi ukiosha, na madonge sijayaona tena.

Wiki ya sita geji ikapanda. Nikamwita fundi, mtu mzima, akazunguka kimya, akauliza: "Kwani mwanangu, mafuta ya jikoni mnayamwaga wapi?" Tukafunua chemba ya mafuta, ile inayonasa mafuta ya jikoni yasifike karoni: imejaa hadi mdomoni, tui na samli ya biriani vimeganda juu kama sabuni. Yote yaliyofurika yalikwenda kuulisha ule utando.

Sasa chemba inasafishwa kila Jumatatu. Fundi akafunga pia pampu ndogo ya hewa: kabla ya kuosha kwa kurudisha maji kinyume, inapuliza kutoka chini dakika tatu, punje zinasuguana, maji yanatoka meusi kisha meupe. Tunaosha kila baada ya siku tisa, kumi. Umeme ukikatika tunasubiri, basi.

Mchanga wa kioo, nyota tatu. Pampu ya hewa, tano. Mifuko miwili imebaki stoo. Jirani anaitaka, nimemwambia twende kwanza tukafunue chemba yake ya mafuta.